Mtutu mfupi usiingie nyumbani kabla ya kibali

SWALI: Shikamoo mzee. Nina bunduki ya AR-15 ya mtutu wa inchi 16, ya risasi za 5.56. Nataka kuifupisha. Nimepata mtutu wa inchi 10.5 wa risasi za 300 Blackout, bei nzuri, na muuzaji anasema bolti (kipande kinachofunga risasi ndani ya mtutu) na magazini nilizonazo zitaingia bila shida. Mimi nina makazi ya kudumu hapa Marekani. Mdogo wangu aliyekuja kwa viza ya masomo atanisaidia kuunganisha. Je, vifaa hivi vinapatana? — Msomaji, Columbus, Ohio

JIBU: Marahaba, mwanangu. Muuzaji hakukudanganya, vitaingia. Na hapo ndipo roho yangu inapodunda.

Ganda la 300 Blackout limetokana na ganda la 5.56 lililofupishwa, ndiyo maana bolti ni ileile na magazini ni ileile. Tofauti iko kwenye kichwa cha risasi: cha 5.56 kina upana wa milimita 5.7 hivi, cha 300 Blackout kinakaribia 7.8. Risasi ya 300 Blackout ikiponyoka ikaingia kwenye mtutu wa 5.56, wakati mwingine bolti hufunga kabisa kana kwamba hakuna kosa. Ukivuta kifyatulio, kichwa hakina pa kupita na bunduki inapasuka usoni pako. Niliwahi kuletewa mezani moja ya namna hiyo. Magazini ilikuwa imesukumwa nje kwa chini, mbavu zake zimetanuka, na bodi ya alumini, yaani kiwiliwili cha bunduki, imechanika juu ya tundu la magazini kama bati lililokatwa kwa shoka. Mwenyewe alipona kwa sababu alivaa miwani. Alikuwa amechanganya magazini mbili zinazofanana, basi. Ukifika huko, magazini za 300 Blackout ziwe za rangi yake, zikae kwenye mkoba wake, na siku ya 5.56 huo mkoba ubaki nyumbani.

Lakini nimetangulia mambo. Usiulize kwanza kama mtutu unaingia. Uliza kama una ruhusa ya kuwa nao. Sheria ya silaha ya mwaka 1934 inahesabu bunduki ya begani kuwa fupi mtutu ukiwa chini ya inchi 16, au bunduki nzima ikiwa chini ya inchi 26. Kuitengeneza kunahitaji Fomu 1 ya ATF, idara ya serikali kuu inayosimamia silaha, alama za vidole, picha, na kibali mkononi kabla ya kufungua skrubu hata moja. Kodi ilikuwa dola 200 tangu 1934. Kuanzia 1 Januari 2026 imekuwa dola 0, na nadhani hilo ndilo lililowafanya wengi waamini kwamba mlango umefunguliwa. Kilichoondoka ni malipo. Usajili uko palepale.

Wala sheria haisubiri uunganishe. Una bunduki moja, na mtutu mfupi usio na kazi nyingine halali kwako ila kukaa kwenye bunduki hiyo. Mwendesha mashtaka anaweza kusema tayari unamiliki bunduki fupi isiyosajiliwa. Kifungo ni hadi miaka 10, na kwako wewe, mwenye makazi ya kudumu, kosa la silaha linaweza kukufukuzisha nchini. Bei nzuri iache ipite. Omba, subiri, kibali kikifika ndipo ununue.

Kuhusu mdogo wako, nakusihi asishike. Mwenye viza ya masomo amekatazwa na sheria ya serikali kuu kuwa na bunduki au hata risasi, isipokuwa kwa misamaha michache kama leseni halali ya uwindaji. Msaada wa saa moja usije ukamkatisha masomo. Tafuta fundi mwenye leseni.

Kibali kikija, jina lako pamoja na mji na jimbo vichongwe kwenye bodi, kina kisipungue sehemu 3 kati ya elfu moja za inchi. Na badala ya kuokota mtutu huku na bomba la gesi kule, nunua sehemu yote ya juu iliyounganishwa na kujaribiwa na kiwanda kimoja. Kwenye mtutu mfupi gesi ya baruti inayosukuma bolti ina muda mdogo sana wa kufanya kazi yake, na tundu la gesi lisilolingana litakupa bunduki inayokwama au inayojipiga kwa nguvu hadi bolti ivunjike. Masikio nayo yafunike mara mbili, vizibo ndani na vifuniko juu. Mlio wa mtutu mfupi unapita desibeli 160.

Ukitaka kuvuka nayo mpaka wa jimbo, omba ruhusa kwanza kwa fomu 5320.20 ya ATF. New Jersey usiende nayo kabisa.

Niandikie tena kibali kikifika, utume na picha ya maandishi yaliyo kwenye mtutu. Nitakusomea herufi kwa herufi kabla hujanunua risasi.