Barua kwa mwanangu: aliyeingia mitini

Mwanangu,

Marahaba. Sura zako tisa nimezisoma kwa siku tatu, maana mbalamwezi ni kali, dagaa hawavuliwi, na hapa Mwaloni Kirumba tunashinda tumekalia magunia matupu. Unaniuliza hivi: yule kijana wa kwenye riwaya yako, aliyemwacha msichana kwenye mataa bila hata ujumbe, akirudi sura ya mwisho aseme nini ili msomaji amwamini? Sababu umenipa tatu nikuchagulie. Alifungwa jela, aliugua ugonjwa wa kuficha, au alijitenga ili maadui zake wasimdhuru msichana.

Zifute zote.

Nitakueleza jambo ambalo baba yako analijua, kwa hiyo usihangaike. Mwaka 1996 nilikuwa na mtu wangu Bukoba. Analeta ndizi kwa meli, anarudi na dagaa. Simu za mkononi hatukuwa nazo; akiandika barua, anampa mtu anayesafiri. Ya mwisho ilisema atashuka Jumanne, tarehe 21 Mei. Jumanne hiyo ndiyo MV Bukoba ilipinduka kabla ya kufika Mwanza.

Nilikwenda bandarini kama watu wote. Abiria wa daraja la kwanza na la pili walikuwa na orodha. Wa daraja la tatu hawakuandikwa popote, na yeye hakuwahi kupanda daraja jingine, alitaka awe karibu na mikungu yake. Kwa hiyo kulikosa jina lake kwenye karatasi hakukuniambia kitu. Kumkosa kwenye miili nako vilevile. Rais Mkapa alitangaza siku tatu za maombolezo, nchi nzima ikalia, lakini mimi nikakaa matanga ya nani? Nyumbani hawakujua kama ana uhai, watajua amekufa? Bibi yako alidhani nina malaria. Akaninunulia klorokwini, nikazimeza zote, nikajikuna usiku kucha, na huko kujikuna kukanipa kisingizio cha kulia.

Miaka miwili nilikuwa nikienda kule Igoma walikozikwa. Nasimama popote, kwa sababu popote pangeweza kuwa pake.

Halafu siku moja hapa mwaloni nikaliona gunia. Unajua tunavyotia alama za rangi ili makuli wasichanganye mizigo. Ya kwake ilikuwa mistari mitatu ya kijani, wa katikati mfupi, kama jino lililovunjika. Gunia lilikuwa limeshonwa asubuhi ileile, uzi bado mweupe. Nikaugusa ule mstari mfupi. Rangi ilikuwa mbichi, ikanigandia kidoleni.

Nikamwuliza kuli, hili la nani? Akasema la bwana mmoja wa Bukoba, siku hizi haji mwenyewe, anamtuma kijana.

Hapa ndipo riwaya yako inapopwaya, tena nisamehe nikisema wazi. Msichana wako anakodolea tiki za bluu kurasa na kurasa, mara jamaa ameonekana hewani saa nane usiku, mara amebadilisha picha. Sikatai, ndivyo mnavyoteseka siku hizi. Lakini hakuna kitu anachokishika kikamchafua. Mtafutie rangi yake.

Nikapanda MV Victoria, mimi niliyeapa kwamba meli tena basi. Sikulala, nilikaa nje na blanketi mpaka taa za Bukoba zikaonekana. Njia nzima nilikuwa nagawa matusi: haya ya mke wake, haya ya mama yake, haya ya mganga kama kuna mganga. Nikamkuta sokoni anahesabu mikungu. Aliponiona alipoteza hesabu, akaanza upya kutoka moja. Kweli, alianza upya! Nikasubiri mpaka akamaliza.

Mke hakuwepo. Alisema siku ile alichelewa meli. Wiki ya kwanza akawa anasema ataandika kesho. Wiki ya pili akaogopa nitamwuliza wiki ya kwanza alikuwa wapi. Mwezi ulipokwisha akaona haya kuwa hai.

Basi, ndiyo siri yote. Nilikasirika kuliko ambavyo ningekasirika angekuwa na wake wanne. Wake ningewatukana. Kesho utaitukanaje?

Kwa hiyo kijana wako mpe kitu kidogo cha namna hiyo, kilichoachwa kikaota. Utasema wasomaji wako wanataka kishindo. Kishindo umeshakitoa sura ya kwanza, alipotoweka. Ukitoa cha pili mwishoni utakuwa unamtetea huyo kijana, na sijui kwa nini unahangaika kumtetea. (Hilo sikuulizi. Ukitaka utaniambia.)

Umeuliza pia kama wamalizie pamoja. Mimi nakwambia yaliyotokea tu. Alininunulia chai, haikunyweka. Kisha akasema, sasa kwa kuwa tumeonana, kwa nini nisimuuzie dagaa mimi mwenyewe, kuliko kumlipa yule kijana wa kati? Nikamtajia bei. Ilikuwa bei ya mgeni, na yeye biashara hiyo anaijua kuliko mimi. Alilipa bila kuomba nimpunguzie.

Mama yako