Maswali na Majibu: Saa za Kazi katika Chumba cha Kuhariri Filamu

Barua za mwezi huu zimetoka karibu zote kwa watu ambao majina yao hupita mwishoni mwa filamu, wakati watazamaji wameshaanza kuinuka: wahariri wa picha, wachanganyaji wa sauti na wasawazishaji wa rangi. Nimeifanya kazi hiyo kwa miaka mingi kabla ya kupewa safu hii, na barua hizi nimezisoma kama mtu anayesoma habari za nyumbani kwao.

Nimeajiriwa kuhariri tamthilia inayorushwa siku tano kwa wiki. Naingia saa tatu asubuhi na mara nyingi natoka saa nane usiku, kwa mshahara wa Sh 780,000 kwa mwezi. Bosi anasema kazi ya filamu haina saa. Je, ni kweli? (Mhariri, Sinza, Dar es Salaam)

Si kweli, ndugu yangu. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 haikuwatoa wahariri wa filamu katika ulinzi wake. Saa za kawaida ni tisa kwa siku na 45 kwa wiki, katika siku zisizozidi sita. Saa za ziada hufanywa kwa makubaliano na hazipaswi kuvuka 50 katika kila wiki nne, na hata ukiwa umekubali, siku moja haipaswi kuzidi saa 12 za kazi. Kati ya kutoka na kurudi kazini, sheria inataka mapumziko ya saa 12 mfululizo. Wewe unayetoka saa nane usiku na kurudi saa tatu asubuhi unapata saa saba tu, na ndani ya saa hizo saba mna kutafuta usafiri, kula, kuoga na kulala.

Fanya na hesabu ya fedha. Kwa kanuni ya sheria hiyo, mshahara wa mwezi hugawanywa kwa saa 195 hivi ili kupata malipo ya saa moja, kwa hiyo saa yako ni Sh 4,000. Saa ya ziada hulipwa mara moja na nusu, yaani Sh 6,000, na ikiangukia kati ya saa mbili usiku na saa kumi na mbili asubuhi huongezwa asilimia tano, ikawa Sh 6,300. Nunua daftari, uandike kila siku saa uliyoingia na saa uliyotoka, kisha umwonyeshe bosi jumla ya mwezi kwa utulivu. Wapo wasioona gharama ya kukesha mpaka iwekwe mezani kwa tarakimu.

Nami najua kukesha kunavyoiharibu kazi yenyewe. Alfajiri moja, baada ya usiku wa pili bila kulala, nilikabidhi sehemu ya tamthilia iliyokuwa irushwe jioni ile. Katika tukio la msiba, sauti ilikuwa imeteleza fremu sita, ambazo ni kama robo ya sekunde, na midomo ya mama mzazi ikawa inafunga kabla maneno yake hayajaisha. Nilikuwa nimelitazama tukio hilo mara nne usiku ule nisilione kosa. Mwigizaji yule alikuwa amelia machozi ya kweli, na watu wakacheka. Mpaka leo sijaacha kumwonea huruma.

Kuhusu mwili wako, Shirika la Afya Duniani na Shirika la Kazi Duniani walionyesha mwaka 2021 kwamba kufanya kazi saa 55 au zaidi kwa wiki huongeza hatari ya kiharusi kwa takriban asilimia 35, ikilinganishwa na wanaofanya kazi saa 35 hadi 40. Wewe, hata tukiondoa saa moja ya chakula kila siku, unafikisha 80.

Nimehariri filamu ya mtu kwa miezi minne, ofisini kwake, kwa kompyuta yake, bila mkataba wa maandishi. Amenilipa nusu na sasa hapokei simu. Anasema mimi si mwajiriwa, ni deiwaka tu. Nina diski yake nyumbani. Niizuie mpaka anilipe? (Mhariri, Mwanza)

Diski irudishe, kaka. Ukiizuia, kesi itageuka, na wewe unayedai utakuwa ndiye unayedaiwa. Mrudishie mbele ya shahidi, asaini kwamba ameipokea.

Neno "deiwaka", yaani kibarua wa kutwa, lisikutishe. Sheria ya Taasisi za Kazi ya mwaka 2004 imeweka alama saba, na mtu akiwa na hata moja kati ya hizo huchukuliwa kuwa mwajiriwa mpaka ithibitishwe vinginevyo. Miongoni mwake ni kwamba namna yako ya kufanya kazi au saa zako zinasimamiwa na mwingine, kwamba umepewa vitendea kazi, kwamba unamfanyia kazi mtu mmoja tu, na kwamba umemfanyia kazi kwa wastani wa angalau saa 45 kwa mwezi katika miezi mitatu iliyopita. Kwa maelezo yako, huenda unazo zaidi ya moja.

Peleka dai lako katika Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ambayo watu wa kazini huijua kwa jina la CMA. Usichelewe: dai la malipo lina siku 60 tangu mgogoro ulipoanza, na la kuachishwa kazi isivyo haki lina siku 30 tu. Beba ujumbe wa WhatsApp aliokuagizia marekebisho na ujumbe wa simu unaoonyesha nusu aliyokulipa. Kwa kazi zijazo, kubalianeni mapema kwamba kabla ya malipo ya mwisho mteja ataona nakala ya ubora mdogo yenye maandishi juu ya picha, na kwamba nakala safi itatoka fedha zikishaingia.

Nachanganya sauti saa kumi kwa siku nikiwa na spika za masikioni. Jioni nasikia mlio kichwani. (Arusha)

Huo mlio ni onyo, na umwone daktari wa masikio wiki hii. Wataalamu wa usalama kazini huchukua ukali wa sauti wa desibeli 85 kwa saa nane kuwa ukomo, na wengi wao husema kila zinapoongezeka desibeli tatu, muda huo hupungua kwa nusu. Punguza sauti, tumia spika za mezani kila inapowezekana, na utoke nje ya chumba kila baada ya saa moja. Sikio lililochoka hudai sauti iongezwe, na hapo ndipo madhara huongezeka.

Ninalipwa kwa siku katika studio moja Nairobi, na sasa ni mwezi wa tatu mfululizo. Je, nina haki ya likizo?

Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007 inasema kibarua aliyefanya kazi mfululizo kwa siku zinazofikia mwezi mmoja au zaidi hahesabiwi tena kuwa wa kutwa. Unastahili angalau siku moja ya mapumziko katika kila siku saba, na ukitimiza mwaka, likizo ya siku 21 za kazi zenye malipo.

Mtoto wangu ana miezi mitano. Nimerudi kazini na mtayarishaji anataka nikeshe wiki nzima ili filamu iwahi. Nikikataa naogopa jina langu litaharibika. (Mbezi, Dar es Salaam)

Dada yangu, katazo la kazi ya usiku kwa aliyejifungua ni la miezi miwili tu ya kwanza, kwa hiyo hilo limekupita. Lakini saa za ziada bado zinahitaji ridhaa yako, na mama anayenyonyesha ana haki ya hadi saa mbili kila siku, ndani ya saa za kazi, kwa ajili ya kunyonyesha. Mwambie mtayarishaji jambo analoweza kulikubali: akupe nakala nyepesi za picha zote, uhariri kwenye kompyuta yako nyumbani, kisha ofisini mziunganishe na picha kamili. Ila saa za nyumbani nazo ni saa za kazi, uziandike.

Mimi ni mtayarishaji mdogo. Sipendi kuwakesha vijana wangu, lakini bajeti hainiruhusu kufanya vingine. Nianzie wapi? (Tabata, Dar es Salaam)

Nashukuru umeuliza, kwa sababu barua zote za hapo juu mzizi wake uko kwenu. Tarehe ya kumkabidhi mnunuzi filamu hupangwa kabla ya kamera kuwashwa. Mvua ikinyesha, mwigizaji akichelewa, jenereta likizima, upigaji picha husogea wiki nzima, lakini tarehe ile haisogei. Wiki iliyopotea huko nje huja kulipwa na mhariri, usiku. Kwa hiyo andika katika mkataba kwamba siku za kuhariri zitahesabiwa tangu siku picha na sauti zote zilipofika mikononi mwake, na umweleze hivyo mnunuzi wako tangu mwanzo.

Mambo mengine hayakugharimu kitu. Hakikisha kibao cha filamu, kile kinachogongwa mbele ya kamera, kinapigwa mwanzoni mwa kila kipande, maana kisipopigwa mhariri hutafuta kwa macho midomo inapokutana na sauti, kipande kwa kipande, na siku nzima huishia hapo. Mteue mtu mmoja wa kukusanya maoni yote ya marekebisho, yamfikie mhariri kwa pamoja na kwa maandishi. Nimeona mwongozaji akiagiza tukio likatwe asubuhi, mfadhili akiagiza lirudishwe jioni, na kijana akilala chini ya meza kati ya maagizo hayo mawili. Kubalianeni awamu tatu za marekebisho. Ya nne ilipiwe.

Na kama baada ya hayo yote siku bado hazitoshi, mpigie simu mnunuzi uombe wiki moja. Mpigie mapema, wakati bado ana nafasi ya kupanga kingine.