Kabla hujaomba masta ya sheria nje, niambie ni faili gani lilikushinda

Kila ikifika mwezi wa nane simu yangu haipumui. Ni msimu wa skolashipu, Chevening, ule ufadhili wa serikali ya Uingereza, wanafungua dirisha, na mawakili vijana wa Mbeya, Iringa, Njombe mpaka Songea wanaanza kuniingia wasap, "Shikamoo dada, wakili msomi, naomba uniangalizie barua yangu ya kujieleza." Wengine wameapishwa juzi tu, joho bado linanuka dukani. Nafungua barua nakuta ileile ya mwaka jana, tangu nikiwa mtoto nilikuwa na shauku ya kutetea wanyonge, nataka kupanua upeo wangu, nchi yangu inahitaji wataalamu. Sawa, lakini hapo mdogo wangu hujaniambia kitu, hiyo barua hata mtu wa kilimo anaweza kuisaini.

Kwa hiyo siku hizi kabla sijasoma barua ya mtu nauliza swali moja tu, kuna faili gani lilikushinda? Wengi wanadhani nawatania au nawabania. Acha nieleze la kwangu, maana na mimi mara ya kwanza niliomba kwa sababu za kijinga na nikakosa, na nashukuru nilikosa.

Mwaka 2018 walinijia wakulima wa parachichi, kikundi cha kule Rungwe, wameuza mzigo kwa mnunuzi wa nje na hela haijaingia. Mkataba upo, kurasa kumi na kitu za Kiingereza, wamesaini wote kwa mbwembwe kabisa. Nikasoma harakaharaka, nikaona wazi kuna deni, nikafungua kesi Mahakama Kuu hapa Mbeya nikiwa na uhakika wa asilimia mia. Upande wa pili wakaja na ombi moja dogo tu, kesi isimame, kwa sababu ukurasa wa tisa kuna kifungu kinasema mgogoro wowote utaamuliwa na wasuluhishi, yaani watu wanaochaguliwa kuamua badala ya mahakama, tena siyo hapa, nje huko, kwa sheria ya huko. Kesi ikasimama kweli. Wale wazee wakaniangalia. Mmoja akauliza kwa upole kabisa, "Sasa mama, huko nje tunaenda na nini?" Sikuwa na jibu. Kifungu nilikuwa nimekisoma jamani, ila sikujua kina meno kiasi gani, nilikichukulia kama yale maneno ya mwisho wa mkataba ambayo kila mtu anakopi.

Hilo ndilo lilinipeleka Uholanzi kusoma masta. Siyo shauku ya utotoni.

Mama yangu yuko Tukuyu, nilipomwambia nimepata nafasi akanyamaza kidogo halafu akasema, "Si ulishamaliza sheria wewe? Au zimebadilishwa zote?" Nilicheka, ila kiukweli ni swali zuri kuliko yote niliyoulizwa kwenye intavyuu ya ufadhili. Kwetu mtu akishakuwa wakili ameshafika, ana digrii, amepita Law School, ile shule ya mafunzo ya uwakili, ameapishwa mbele ya Jaji Mkuu, anaongeza nini tena?

Darasani ndiyo nikajua kila mtu aliongeza kitu chake na vitu vyenyewe havifanani hata kidogo. Tulikuwa thelathini na kitu kutoka kila pembe ya dunia, wiki ya kwanza tukawa tunaulizana umefuata nini huku. Mbrazili ametumwa na ofisi yake, kwao makampuni makubwa ya mawakili yanamwacha kijana apige kazi miaka kadhaa halafu anakwenda kusoma mwaka, akitoka hapo anajishikiza mwaka mwingine kwenye ofisi ya nje, akirudi anapanda cheo, yaani ni ngazi inayojulikana kabisa. Wa Korea Kusini alikuwa jaji! Mshahara wake unaendelea kama kawaida, mahakama yao huwa inawapeleka majaji nje wakaone wenzao wanafanyaje. Mjerumani yeye alisema ukweli bila aibu, amemaliza mtihani wa kwanza wa serikali, mbele yake kuna miaka miwili ya mafunzo kwa vitendo na mtihani wa pili, sasa hapo katikati anataka Kiingereza chake kinyooke na zile herufi LL.M, yaani masta ya sheria, zikae kwenye bizinesi kadi, maana kwao ofisi kubwa zinaziangalia. Dada mmoja wa Nigeria alitaka kuhama, basi, hakuficha, alisema sheria ndiyo viza yake. Na kulikuwa na Mkolombia mmoja wa haki za binadamu ambaye alinitesa sana bila kukusudia.

Huyu Mkolombia siku ya kwanza kusikia natoka Tanzania macho yakamtoka. Akaanza kuniuliza habari za Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, ile ya Arusha, kwa nini nchi yangu mwezi wa kumi na moja 2019 ilijitoa kwenye lile tamko linaloruhusu mtu binafsi na asasi kwenda moja kwa moja mahakamani pale, na imeathiri vipi kesi zilizokuwepo. Mimi nilikuwa nimeisikia kwenye redio nikiwa kwenye daladala ya Uyole, basi. Arusha yangu ilikuwa ya harusi na semina. Nikajibu juujuu, akaona, akabadilisha mada kwa adabu, na hiyo adabu ndiyo iliuma.

Haikuishia hapo. Wiki ya tatu somo la uwekezaji, profesa anatupa kesi ya kusoma, Biwater Gauff dhidi ya Tanzania. Ni ile ya maji ya Dar es Salaam, hukumu ya 2008, wasuluhishi wakasema serikali ilivunja mkataba wa uwekezaji kati yetu na Uingereza lakini haina cha kulipa, kwa sababu wakati ule uwekezaji wenyewe ulikuwa hauna thamani tena. Humo humo asasi za kwetu kama LEAT, LHRC na TGNP ziliruhusiwa kupeleka maoni yao kama marafiki wa mahakama, jambo ambalo dunia nzima ya usuluhishi bado inalitaja. Profesa akageuka, akasema tuna bahati leo tuna Mtanzania. Darasa zima likanigeukia. Mtanzania mwenyewe ndiyo kwanza ameisoma usiku wa jana.

Sasa hapo ndipo nilipoielewa masta yangu. Nilikwenda mbali nikakuta nafundishwa ya nyumbani na wageni. Mwaka huohuo kulikuwa na kesi nyingine inaendelea kwenye kituo cha usuluhishi wa migogoro ya uwekezaji, ICSID, Washington, ya kampuni ya Canada, Winshear, iliyofunguliwa 2020 baada ya leseni yake kufutwa. Leseni ya wapi? Saza na Makongolosi! Makongolosi hii ya Chunya ambako nina wateja, ambako nimekula kuku nikisubiri gari. Mwaka 2023 serikali ikakubali kulipa dola milioni 30 yakaisha. Nilishamaliza kusoma wakati huo, nilikuwa nimekaa ofisini Mbeya na baridi yetu hii ya mwezi wa saba iliyokuwa haijanitoka mifupani, nikafikiria wale wazee wa parachichi. Mambo makubwa ya sheria yanapita kwetu kama malori ya Tunduma, sisi tuko pembeni tunauza ndizi.

Basi ukiniuliza kwa nini watu wanasoma masta ya sheria nitakwambia sababu ziko kama watu walivyo, na hakuna ya aibu, hata ya yule dada wa Nigeria. Ila ujue ya kwako kabla hujalipa hata senti, kwa sababu kila sababu ina chuo chake na nyingine hazihitaji masta kabisa, hapo ndipo watu wanapigwa.

Mfano, kuna vijana wanataka kufanya mtihani wa uwakili wa New York, wamesikia ukisoma LL.M Marekani ndiyo mlango. Ni kweli kwa wengi, hasa wanaotoka nchi zenye mfumo wa sheria tofauti na wa Kiingereza, wanatakiwa wasome LL.M yenye krediti zisizopungua 24 na masomo fulani ndani yake. Lakini sisi sheria yetu imetokana na ya Waingereza, na mtu mwenye LL.B, digrii ya kwanza ya sheria, ya kwetu ya miaka mitatu au minne anaweza kukuta anaruhusiwa kukaa mtihani bila LL.M. Kwa hiyo anza kwa kuwaandikia bodi yao ya mitihani wakufanyie tathmini ya vyeti vyako, inachukua miezi lakini subiri, kuliko kukimbilia ada inayopita dola 70,000 kwa miezi tisa halafu ugundue mlango ulikuwa wazi. Uingereza vilevile, LL.M ya London haikufanyi kuwa solisita, yaani wakili wa kwao, tangu 2021 kuna mtihani wao unaitwa SQE, na wakili aliyekwisha kuapishwa nchi nyingine anaufanya bila kuwa na masta. Na kwa upande wa pili, wewe ambaye hujapita Law School ya kwetu, usijidanganye kwamba ukirudi na LL.M ya nje utaruka foleni. Hauruki. Utapanga mstari na wadogo zako.

Kama unataka kufundisha, hapo masta lazima, vyuo vyetu vya huku kama Iringa pale na Mzumbe kampasi ya Mbeya wanafundisha sheria na mhadhiri hawezi kuwa na digrii moja. Ila wataangalia na GPA ya digrii ya kwanza pia, kwa hiyo kama ya kwanza ilichechemea, masta peke yake haitakubeba. Na siyo lazima upande ndege. Pale Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kuna kituo cha Watanzania na Wajerumani, TGCL, kipo tangu 2008 kwa ushirikiano na Bayreuth, kimekuwa kikichukua wanasheria wa Afrika Mashariki kwa ufadhili wa DAAD, shirika la Ujerumani la kufadhili masomo. Wa haki za binadamu waangalie Pretoria, ile programu yao ipo tangu 2000, nusu ya mwaka mnakaa wote pale, nusu mnatawanywa vyuo vingine vya Afrika. Nina rafiki wa Njombe alipita hiyo na mpaka leo ana simu za watu nchi kumi na tano. Mimi nina namba ya jaji wa Korea ambaye hunitumia picha za paka.

Maandalizi sitasema sana, mengi yako kwenye tovuti zao. Ila transkripti anza kuifuatilia mapema, na barua ya rekomendesheni chukua kwa mtu anayekujua kazini, siyo profesa mwenye jina kubwa ambaye atauliza huyu ni nani. Chevening wanataka uwe na uzoefu wa kazi miaka miwili, masaa 2,800, na ukimaliza urudi nyumbani miaka miwili, kwa hiyo wewe wa joho jipya tulia kwanza. Mtihani wa Kiingereza, IELTS, mimi nilikwenda Dar kwa basi la alfajiri, nikafika usiku, kesho yake naingia kwenye mtihani miguu imevimba kama mkate, nikaongea Kiingereza cha mtu aliyetoka msibani. Nenda siku mbili kabla.

La gharama watu wanaongelea ada tu. Mimi nilimwacha mtoto wa miaka mitatu kwa bibi yake Tukuyu, mwezi wa nne kwenye video ya wasap akaniita shangazi. Nilikuwa nimeshika sufuria, nikaiweka chini nikalia. Na wateja hawasubiri, nilikabidhi mafaili kwa mwenzangu nikiamini nitayakuta, niliporudi nusu walikuwa wamehamia kwake na sikuwa na la kusema maana aliwahudumia vizuri. Miezi sita ya kwanza kazi zilikuwa zilezile, mirathi, Baraza la Ardhi, dhamana. Mteja wa Mbalizi hajui LL.M ni mdudu gani na hawezi kukuongezea hata elfu kumi kwa ajili yake.

Ilianza kulipa taratibu, kwa njia ya mikataba. Sasa hivi vikundi vya parachichi wananiletea kabla ya kusaini siyo baada, na kitu cha kwanza ninachofungua ni zile kurasa za mwisho. Nimeshawahi kumwambia mnunuzi kwenye simu, usuluhishi ufanyike Dar es Salaam au hatusaini, akakubali baada ya siku mbili, kumbe walikuwa wanatutegea tu.

Mwezi uliopita kijana mmoja wa Uyole alikuja ofisini na barua yake, ina shauku ya utotoni kama kawaida. Nikamuuliza swali langu, akasema hamna faili lililomshinda. Nikamrudishia barua. Baada ya wiki akarudi kashika bahasha ya kaki, lori la shaba kutoka Zambia limepinduka pale Mlima Nyoka, mteja wake ndiye mwenye lori, bima iko Lusaka, mwenye mzigo yuko Uswisi, na mkataba unasema itatumika sheria ya Uingereza. "Dada, hiyo sheria ya Uingereza nitaithibitishaje mimi hapa?" Nikamwambia kaa chini, andika hivyo hivyo ulivyoniuliza. Jana usiku amenitumia barua mpya, nimesoma aya ya kwanza tu, inaanza na lori.