Dagaa wa leo, risiti ya jana: kwa nini kila mradi naufungia ndani ya kontena

"Mwanangu, hawa dagaa nimewanunua leo alfajiri. Mbona hapa pameandikwa jana?"

Swali hilo aliniuliza mama mmoja mnunuzi wa dagaa pale mwalo wa Kibirizi, hapa Kigoma, simu mkono huu, daftari mkono ule. Alikuwa mteja wangu wa kwanza wa kweli. Nilikuwa nimemtengenezea programu ndogo ya kuandika manunuzi: ndoo ngapi, kutoka boti ipi, kwa bei gani, nani kalipwa na nani bado anadai. Nyumbani kwangu Mwanga niliijaribu wiki nzima na sikuona kasoro hata moja.

Anayeijua Kigoma anajua kwamba dagaa huvuliwa usiku, na usiku wa giza ndio wenye neema, kwa sababu taa za wavuvi ndizo zinazowakusanya. Boti ikirudi saa nane usiku, biashara inaanza saa nane usiku. Seva niliyokodi ilikuwa inahesabu saa kwa UTC, saa ya kimataifa, kama seva nyingi zinavyokuja, nasi tuko mbele ya UTC kwa saa 3. Kwa hiyo saa nane usiku ya Kibirizi, kwa seva ile, ilikuwa bado saa tano usiku wa jana yake. Kila ndoo iliyonunuliwa kabla ya saa tisa usiku iliandikwa tarehe ya nyuma. Hesabu za mama zikawa hazifungi, na vijana wake wawili walioshika fedha wakaanza kutazamana vibaya kwa ajili ya pesa ambayo haikupotea popote. Hilo ndilo lililoniuma.

Kurekebisha hakukuwa kugumu. Ndani ya hifadhidata saa nikaiacha ibaki ya UTC, na wakati wa kuonyesha risiti au kufunga hesabu ya siku programu ikabadilisha kwenda zoni ya Africa/Dar_es_Salaam, iliyotajwa waziwazi kwenye msimbo. Lakini nilijiuliza kwa nini sikuliona mapema. Jibu lilikuwa mbele yangu: laptopu yangu niliiwekea saa ya Tanzania siku niliyoinunua. Ilikuwa inanificha kosa. Laptopu ya mtu inamzoea mwenyewe. Ina fonti alizoongeza, maktaba alizosakinisha mwaka juzi akasahau, mafaili yaliyokaa mahali alipoyazoea. Programu ikifanya kazi humo, umejua tu kwamba inafanya kazi kwako.

Kwa hiyo kijana akinifuata hapa mjini akitaka kuanza kuandika programu za watu, neno langu la kwanza kwake ni hili: mdogo wangu, ijaribu kazi yako ndani ya kontena.

Kontena si kompyuta ndani ya kompyuta, ingawa wengi hulichanganya na mashine pepe. Mashine pepe huwasha mfumo mzima na kerneli yake, yaani kiini cha mfumo kinachoongoza mashine, na humega RAM yako (kumbukumbu ya kazi) kabla hujaanza kazi. Kwenye laptopu ya GB 4 ukiwasha mbili, huna pa kupumulia. Kontena ni programu ya kawaida tu, inaendeshwa na kerneli ileile ya Linux uliyonayo, ila kerneli inaizungushia uzio. Iliyomo ndani inaona mafaili yake tu, michakato yake tu, mtandao wake tu, hata jina la mashine inalolisoma si la laptopu yako. Kipimo cha RAM na prosesa kinasimamiwa na sehemu ya kerneli iitwayo cgroups, iliyoanzishwa na wahandisi wa Google mwaka 2006 na kuingizwa kwenye kerneli toleo 2.6.24 mwanzoni mwa 2008. LXC, zana ya kuendesha kontena, ilikuja mwaka huohuo. Docker ilitambulishwa 2013, ikarahisisha matumizi kiasi kwamba watu wengi sasa wanadhani kontena na Docker ni kitu kimoja. Mimi natumia Podman, zana inayofanana na Docker, na sababu nitaieleza.

Kwa kuwa kontena halina mambo yako, saa yake huwa ya UTC usipoiambia vingine. Ningeijaribu programu ya mama humo, kosa la tarehe ningelikuta mezani kwangu.

Kuna usiku mwingine ulionifundisha. Seva ya mteja wa pili ilikuwa na Linux ya Ubuntu 20.04, ambayo Python yake, lugha ninayoandikia programu, ni 3.8. Laptopu yangu ilikuwa Ubuntu 22.04, Python 3.10. Nikasakinisha 3.8, kisha nikageuza kiungo cha python3 cha mfumo mzima kielekee huko, nikidhani nimemaliza. Terminali ikakataa kufunguka. Apt, zana ya kusakinisha programu, ikaanza kulalamika. Terminali ile na sehemu kadhaa za apt zimeandikwa zikiitegemea Python iliyokuja na mfumo, nami nilikuwa nimeziondolea miguu. Kazi ilitakiwa asubuhi. Nilibonyeza Ctrl+Alt+F3, nikapata skrini ya maandishi matupu, nikarudisha kiungo mahali pake. Nilipoinua macho palikuwa pameshakucha.

Siku hizi Debian 12, Linux nyingine, na Ubuntu kuanzia 23.04, zinaizuia pip, kisakinishi cha maktaba za Python, isiguse Python ya mfumo. Naona vijana wakikutana na kizuizi hicho wanakipita kwa `--break-system-packages` kwa sababu wamesoma mahali kwamba kinafanya kazi. Naomba msifanye hivyo. Kizuizi kiliwekwa kwa ajili ya usiku kama ule wangu.

Sasa kila mradi wangu una faili liitwalo Containerfile ndani ya folda yake. Linataja nianze na imeji ipi, yaani kifurushi kilicho tayari ambacho kontena huwashwa kutoka humo, kwa mfano python:3.8-slim, nisakinishe nini, na programu iwashwe kwa amri gani. Folda ya msimbo naiunganisha na kontena kwa `-v`, naandika kwa kihariri changu cha kila siku huku programu ikikimbia ndani. Mradi mmoja una hifadhidata ya PostgreSQL 12, mwingine 15, na hazijuani. Zote mbili kwa kawaida hutaka mlango wa mtandao namba 5432, kwa hiyo nje naupa mmoja 5432 na mwingine 5433, basi.

Najua swali linalofuata, kwa sababu ndilo ninaloulizwa kila mara: na bando?

Hapa nataka kukaa kidogo, kwa sababu watu wa kwetu wengi huachana na kontena hapa, na hawana haja ya kuachana nalo. Kwanza, chagua imeji kwa macho. Imeji kamili ya Python inavuta mamia ya megabaiti. Ile yenye neno slim inavuta makumi tu. Kuna Alpine pia, ndogo kuliko zote, lakini inatumia maktaba ya C tofauti na ile ya Debian na Ubuntu, na baadhi ya vifurushi vya Python vitakulazimisha kuvijenga upya kutoka msimbo wake. Megabaiti ulizookoa unazilipa kwa muda na joto la laptopu. Mimi nabaki na slim.

Pili, mpangilio wa mistari ndani ya Containerfile ni pesa. Imeji hujengwa tabaka juu ya tabaka. Tabaka moja likibadilika, yote yaliyo juu yake yanajengwa upya. Nilikuwa nakopi folda nzima kwanza, kisha nasakinisha maktaba. Nikigusa koma moja kwenye msimbo, maktaba zote zinashuka tena kutoka intaneti. Bando la wiki liliisha kwa siku mbili, na mimi nailaumu laini ya simu. Kopi kwanza faili la requirements.txt, lenye orodha ya maktaba, peke yake, sakinisha, ndipo ukopi msimbo. Ukibadilisha msimbo mara mia, maktaba hazisogei.

Tatu, na hili nalipenda kuliko yote: imeji inabebeka. `podman save` inaigeuza kuwa faili moja, unaliweka kwenye flashi, na mwenzako anaandika `podman load` bila kutumia hata kilobaiti moja ya intaneti. Mimi na rafiki yangu wa Ujiji tunafanya hivyo. Mmoja anavuta usiku kwa bando la usiku, kesho yake flashi inapanda daladala. Maktaba za Python nazo unaweza kuzikusanya kwenye folda kwa `pip download` na kuzisakinisha kutoka humo. Wiki ambayo mtandao unasuasua, kazi inaendelea.

Sasa jambo la kuogopa, na naliandika polepole makusudi. Kontena ukilifuta, kila kilichoandikwa ndani yake kinaondoka nalo. Hifadhidata lazima ikae kwenye hifadhi iliyo nje ya kontena, ile inayoitwa volyumu, iliyotajwa kwa jina lake. Niliwahi kufuta kontena la PostgreSQL lililokuwa na data za majaribio za siku 10, nikijua kabisa kontena ni la kufuta na kuwasha, bila kujiuliza data imelala wapi. Zilikuwa za majaribio, nashukuru. Za mteja zisingerudi.

Na usiandike `postgres:latest`, yaani toleo jipya lolote lililopo. Siku utakayovuta imeji mpya, toleo kubwa linaweza kuwa limepanda, na PostgreSQL ya toleo jipya haisomi mafaili ya toleo la zamani, itakataa kuwaka. Andika namba. Ukitaka kupanda toleo, toa data kwa pg_dump kwanza, kisha ziingize kwenye kontena jipya.

Kuhusu Podman. Docker ya kawaida ina mtumishi anayekimbia nyuma kwa mamlaka ya root, yaani mtawala wa mashine nzima, na mtu yeyote uliyemweka kwenye kundi la docker ana nguvu za root kwenye mashine hiyo hata asipojua. Podman haina mtumishi huyo, na mtumiaji wa kawaida anaiendesha bila root. Amri karibu zote ni zilezile. Ukibaki na Docker, chunga jambo moja: mlango ukiufungua kwa `-p 5432:5432` unafunguka kwa mtandao wote, na Docker hupita pembeni ya ulinzi wa ufw, ukuta wa moto wa Ubuntu, hata kama uliufunga mlango huo. Uko kwenye waifai ya hosteli, hifadhidata yako iko uchi. Andika `-p 127.0.0.1:5432:5432`, ibaki ya laptopu yako peke yake.

RAM weka mpaka pia. `--memory 512m` inakuonyesha programu itakavyoishi kwenye seva ndogo ya bei nafuu ambayo ndiyo mteja wako ataimudu. Kontena likizimika lenyewe na namba 137, kerneli imeliua, na mara nyingi sababu ni RAM kuisha. Ni afadhali life mbele yako.

Kontena halifai kwa kila kitu. Ukijaribu draiva au chochote kinachogusa kerneli yenyewe, tumia mashine pepe, kwa kuwa kerneli ya kontena ndiyo ya laptopu yako. Programu uliyoitoa usikokujua, usiiamini kwa sababu tu iko ndani ya kontena. Uzio ule si ukuta wa gereza. Ukitaka mazingira yanayofanana na seva nzima, yenye systemd, kiwasha huduma cha Linux, na huduma zake, LXC au Incus ndizo zilizotengenezwa kwa kazi hiyo.

Ziwa Tanganyika lilipofungwa kwa uvuvi, 15 Mei hadi 15 Agosti 2024, mama hakuwa na manunuzi ya kuandika, nami nikapata nafasi ya kuijenga upya programu yake kwa njia hii. Jaribio lililonipa faida kubwa lilikuwa rahisi mno: kuwasha kontena jipya lenye hifadhidata tupu. Ripoti ya wastani wa bei ikaanguka papo hapo, ilikuwa inagawa kwa sifuri. Kwenye laptopu nisingeliona hilo, kwa sababu humo siku zote kulikuwa na manunuzi yangu ya kuchezea. Na mwezi usio na manunuzi hata moja ndio huohuo tuliokuwa tunauishi.

Kama hujawahi kuwasha kontena, anza leo na amri hii:

`podman run --rm docker.io/library/debian:12-slim date`

Kisha andika `date` peke yake, nje ya kontena. Zitazame saa hizo mbili zilivyopishana kwa saa 3, halafu ifungue programu yako na utafute kila mahali inapouliza leo ni tarehe ngapi.