Barua kwa mwanangu: Anasomea wapi?

Mwanangu mpenzi,

Ujumbe wako wa Jumatatu nimeusoma mara tatu, na mara ya tatu nilimsomea mamako tukiwa barazani. Unasema idara yenu imetakiwa iandike mpango wa dharura, maradhi mengine yasije yakawakuta kama Korona ilivyotukuta sisi, na kwa kuwa wewe ndiye mratibu wa masomo ya uzamili, kazi imekuangukia. Umeuliza mambo mawili: mwaka 2020 tuliwaandaaje wanafunzi wa uzamili kabla ya muhula kuanza mtandaoni, na je, ni haki kuwalazimisha wawashe kamera?

Nikikujibu hivyo ulivyouliza, jibu halijazi ukurasa. Tuliandaa mwongozo wa kurasa 17, na mimi ndiye niliyeuandika. Tuliwaelekeza kuingia Zoom, kupakia kazi zao kwenye Moodle, kuzima maiki mtu asipozungumza. Mambo hayo mtu anayajua kwa nusu saa. Lakini kumwandaa mtu si kumwonyesha vitufe. Nilikwambia siku ulipoanza kazi na nakwambia tena: kabla hujamfundisha mtu, muulize anasomea wapi.

Unakumbuka mambo yalivyotujia mbio. Tarehe 13 Machi Waziri wa Afya, Kagwe, akatangaza mgonjwa wa kwanza wa Korona nchini Kenya. Jumapili ya tarehe 15 Rais akafunga shule, vyuo vikuu vikapewa hadi Ijumaa ya tarehe 20. Wanafunzi wa shahada ya kwanza wakaondoka na masanduku yao. Wa uzamili hawakuwa na masanduku. Wengi ni watu wazima wenye kazi na watoto, walikuwa wakija Ijumaa jioni na Jumamosi, basi tukawahesabu kama watu ambao hawakuondoka popote. Kosa letu la kwanza lilianzia hapo. Tulidhani aliye kwake yuko tayari.

Tarehe 27 ikaja kafyu ya saa moja usiku hadi saa kumi na moja alfajiri, na unajua polisi walivyowapiga watu pale kivukoni Likoni jioni ile. Aprili 6 Nairobi ikafungwa nawe umo ndani. Siku mbili baadaye zikafungwa Mombasa, Kwale na Kilifi, kaka yako akabaki Diani. Mei 6 ikawa zamu ya Mji wetu wa Kale hapa Mombasa, hatutoki wala hatuingiliwi, na Ramadhani iko katikati. Darasa langu likawa chumba cha bibi yako, Mungu amrehemu: kompyuta juu ya meza ya cherehani yake, na nyuma ya kiti rafu ya vitabu niliyoitoa sebuleni ili wanafunzi waione. Mamako ndiye aliyenisaidia kuibeba. Hiyo rafu iweke akilini.

Kikao cha maandalizi nilikiita siku nne baada ya Mji wa Kale kufungwa, saa kumi alasiri. Wanafunzi walikuwa 11. Leseni ya kulipia ilikuwa bado haijapatikana, nikatumia Zoom ya bure, ile inayokata kila baada ya dakika 40. Kanuni ya tatu katika mwongozo wangu ilisema kamera iwashwe muda wote, na mwanafunzi asiyeonekana hayupo. Nisikie vizuri, kanuni ile ilikuwa na sababu. Wiki iliyotangulia mwenzangu mmoja alifundisha saa mbili nzima, kumbe nusu ya majina aliyokuwa akiyaona ni simu zilizoachwa mezani, wenyewe wamejilalia. Na wakubwa walikuwa wakidai orodha ya mahudhurio kila Ijumaa.

Nyuso kumi zikatokea. Mraba mmoja ukabaki mweusi. Alikuwa mama mmoja wa Kinango, huko Kwale, mwalimu wa shule ya binafsi. Jina lake silitaji. Nikamwomba awashe. Akaandika kwamba mtandao ni dhaifu. Nikamwomba tena. Mara ya tatu nikaisoma kanuni kwa sauti mbele ya wenzake, nikamalizia, "Basi tuandike kwamba hayupo."

Akawasha.

Alikuwa amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, ndani ya bafu la nje, la makuti. Jua la alasiri lilipenya kwenye makuti likamchora mistari usoni. Mlangoni alikuwa ametundika leso kuukuu. Pembeni palikuwa na kifuu chenye kipande cha sabuni, na daftari lake alikuwa amelilaza pajani, kalamu katikati ya ukurasa. Akasema kwa sauti ya chini, "Samahani mwalimu. Hapa ndipo mtandao unaposhika, na ndipo watoto hawaingii." Mmoja wa wanafunzi wenzake, ambaye maiki yake ilikuwa wazi, akacheka.

Na mimi nilisema nini? Nilisema, "Ahsante, tuendelee," nikafungua ukurasa wa nne.

Dakika chache baadaye Zoom ikakata. Nikatuma kiungo kipya. Wakarudi kumi.

Jioni kwenye futari nikamsimulia mamako. Hasira ilikuwa bado haijanitoka, nikasema mtu anayesoma shahada ya uzamili hakosi kona moja ya kukaa. Mamako akaweka chini bakuli la uji, akaniuliza, "Ulimuuliza anasomea wapi?" Nikamwambia kuna fomu walijaza. "Sikuuliza fomu. Wewe ulimuuliza?" Sikumuuliza. Nilikuwa msimamizi wake tangu Septemba. Nilijua anavyoandika juu ya taswira, nilijua anapokosea alama za mkato, lakini sikujua nyumba yao ina vyumba vingapi. Ule msemo wangu unaouona kila mahali, kumbe ni wa mamako. Mimi nimeubeba tu.

Ilinichukua siku tisa kumpigia simu. Siku tisa, mwanangu! Niliandika barua pepe mbili nikazifuta. Nilijiambia namwachia nafasi, lakini ukweli ni kwamba nilikuwa naogopa kusikia sauti yake.

Aliipokea simu kwa heshima zote, akaniuliza hali ya Mji wa Kale kabla sijamuuliza yake. Kidogo kidogo nikajua. Mshahara ulikuwa umesimama tangu shule ilipofungwa, kama walimu wengi wa shule za binafsi mwaka ule. Shemeji zake walirudi nyumbani kutoka Mombasa kabla ya njia kufungwa. Watu tisa, vyumba viwili. Simu ya intaneti ilikuwa moja, wakigawana yeye na mtoto wake wa darasa la nane. Saa moja ya Zoom yenye picha huweza kumeza gigabaiti nzima, na bando la siku ile alilinunua kwa okoa jahazi, ule mkopo wa salio la simu. Alikopa ili aje kuandaliwa.

Halafu tukaingia kwenye utafiti wake, na hapo ndipo nilipojua kwamba mwongozo wangu wa kurasa 17 haukugusa jambo lenyewe. Mada yake ilikuwa nyimbo za wanawake katika matanga ya Waduruma. Alipanga kuhudhuria matanga manane, arekodi, kisha akae na akina mama wawili watatu wamfafanulie. Kibali cha utafiti cha NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, kilikuwa mkononi. Lakini mazishi yalikuwa yamewekewa kikomo cha watu 15, tena jamaa wa karibu, na waimbaji wenyewe ni vikongwe, hao hao tulioambiwa tusiwasogelee. Ni nani angeimba, na ni nani angerekodi?

Hili liandike kwenye mpango wako kwa wino mzito. Mwanafunzi wa shahada ya kwanza alipoteza darasa, na darasa, kwa shida, linaweza kuingia kwenye simu. Mwanafunzi wa uzamili alipoteza nyanjani, kule anakokwenda kukusanya data. Ukimpa Zoom hujamrudishia alichopoteza. Muhula usianze kabla kila mmoja hajakaa na msimamizi wake wakaifumua sura ya mbinu za utafiti: data gani bado inapatikana, kwa nani, kwa njia gani, na je, kibali alichonacho kinaruhusu njia hiyo mpya au kinahitaji kurekebishwa. Sisi jambo hilo tulilifanya muhula ukiwa nusu, wanafunzi wawili wakawa wameshaacha.

Nilimshauri ampigie bibi yake simu aimbe. Akacheka, mara ya kwanza kumsikia akicheka, akasema bibi wanaishi naye ua mmoja, na ameshamwomba. Bibi alikataa. Alimwambia, "Hapa hajafa mtu. Nikiimba wimbo wa matanga nitakuwa namwita nani?" Tukanyamaza wote wawili kwenye simu. Kisha akasema, kama mtu anayeomba ruhusa, kwamba bembezi bibi huziimba kila usiku kwa watoto wa ndani, bila kuombwa.

Mada ikawa bembezi. Siku tatu baadaye, saa tisa usiku, nimeamka kwa daku, nikakuta ujumbe wa sauti wa dakika sita. Mtoto analia mbali, jogoo aliyekosea saa, kisha sauti ya bikizee, nyembamba lakini haitetemeki, mstari mmoja anaurudia mpaka mtoto ananyamaza, na akishanyamaza haachi, anaendelea kama anayejiimbia mwenyewe. Nilimwamsha mamako asikilize. Katika miaka yangu 31 ya kufundisha fasihi simulizi sikuwahi kupata rekodi ya namna ile, maana mgeni akiingia na kinasa sauti, watu huimba kwa ajili ya mgeni.

Mwongozo nikauweka kando. Niliwapigia simu wote 11, nusu saa kila mmoja, na swali la kwanza lilikuwa lile la mamako. Mmoja alikuwa akimuuguza babake. Mwingine, huko Taita, alipata mtandao usiku tu. Tukahamisha mijadala kwenye jumbe za sauti za WhatsApp, ambazo mtu husikiliza anapopata nafasi, na kikao cha moja kwa moja kikawa kimoja kwa wiki, saa tatu usiku, sauti bila picha. Julai magazeti yakaandika habari za maputo ya Loon ya kurusha intaneti kutoka angani. Nilifurahi, kumbe yanahudumia magharibi na katikati ya nchi. Kinango hayakufika.

Sasa usidhani nakuletea hadithi iliyoisha vizuri. Kuna siku nasema nilimpokonya mada yake. Bembezi ni nzuri, lakini alichokuja kusoma ni matanga, na hilo ndilo pengo lililopo kwenye maktaba zetu. Pengine ilitakiwa nimwambie asubiri mwaka. Lakini angesubiri na karo ya nani? Na angerudi? Wangapi waliambiwa wasubiri na hawakuonekana tena? Halafu najijibu kwamba hofu yangu ya takwimu za waliohitimu isiwe ndiyo iliyomchagulia mada. Sijui ni ipi kati ya hizo iliyonisukuma siku ile. Nimelifikiria sana na bado halijatulia.

Alitetea tasnifu yake ana kwa ana mwaka 2021, akafaulu vizuri. Kabla ya hapo bibi yake alikuwa amefariki. Nilipokwenda kumpa pole, njia zimefunguliwa, nilimuuliza, na hadi leo najuta kuuliza, kama nyimbo za matanga alizirekodi. Akanitazama. "Mwalimu, siku hiyo nilikuwa naimba."

La bafu hatujawahi kulitaja. Nimeonana naye mara nyingi tangu hapo, hunisalimia vizuri, huulizia afya yangu. Radhi sijamwomba. Kila mara nasema nikimkumbusha nitamvunjia heshima mara ya pili. Mamako anasema hiyo ni hila ya kujiokoa. Huenda mamako ana haki.

Kuhusu kamera: ulipokuwa kidato cha pili ulinilalamikia kwamba kila ukiniuliza swali nakupa hukumu, na tangu siku hiyo najizuia. Jibu ninalo mdomoni. Lakini haki ya kusema kweli inanidai nikwambie na hili: yule kijana wa Taita aliwasha kamera kwa hiari yake usiku mmoja wa Agosti, na ndipo tulipoona jinsi alivyokonda. Mwenzake aliyekuwa Voi akaenda kumwangalia, akampeleka hospitali. Kwa sauti peke yake tusingejua. Kwa hiyo kanuni moja kwa wote, iwe ya kuwasha au ya kuzima, mimi mkono wangu hauendi kuiandika. Zaidi ya hapo nisiseme, idara ni yako. Ila ile nafasi ya kanuni ya tatu, iache wazi kwanza, uwapigie simu.

Rekodi ya dakika sita siwezi kukutumia bila idhini yake. Nitamwomba wiki hii. Namba yake ninayo. Nikishampigia, nitaona kama nitalisema na lile lingine.

Mamako anauliza kama utashuka kabla ya Ramadhani. Chumba cha bibi yako kiko tayari, tumekitia rangi. Rafu bado iko pale pale nyuma ya kiti, hatujairudisha sebuleni. Ukija tuibebe pamoja, mgongo wa mamako hauwezi tena.

Wasalamu,
Babako