Mnaoanza kuimba, msipande gari la usiku

Wadogo zangu, kila kundi jipya linapokuja mazoezini namuuliza kila mmoja anataka kuimba kama nani. Majina ni yale yale, na wote bado wako hai na wanang'aa. Mimi nawaletea mwanamke wa Poland aliyefariki mwaka 1982, Anna German. Mjomba wangu alisoma Moscow miaka ya 1970 akarudi na santuri zake, basi utotoni tuliamshwa na sauti hiyo bila kuelewa neno hata moja. Nilikuja kufuatilia maisha yake nikiwa nimeshaimba bendi na mahotelini miaka mingi, na najuta kuchelewa.

Tuanze na shule, maana hapo ndipo mimi nanyi hugombana. Anna alisomea jiolojia Chuo Kikuu cha Wrocław. Aliimba tangu uanafunzini, watu wakampenda, lakini hakuacha masomo. Alimaliza mwaka 1962. Miaka miwili baadaye wimbo wa "Tańczące Eurydyki" ukamtambulisha kwenye matamasha ya Opole na Sopot, na mambo ya mawe yakaishia hapo. Mtaniambia basi ile miaka ya chuo ilipotea bure. Hapana. Mwenye cheti kabatini anaweza kumkatalia promota. Asiye na pengine pa kwenda anaimba mpaka alfajiri kwa chipsi na soda, halafu anaambiwa malipo wiki ijayo. (Kuna sayari ndogo huko juu, namba 2519, iliyogunduliwa mwaka 1975, imepewa jina lake. Mwanajiolojia akaishia kuwa jiwe la angani. Hilo hunichekesha kila nikilikumbuka.)

La pili ni lugha. Anna alizaliwa Urgench, Uzbekistan, mwaka 1936. Baba yake alikamatwa mwaka uliofuata, enzi za Stalin, akauawa. Mama na bibi wakamlea kwa kuhamahama, na mwaka 1946 wakafika Poland. Mtoto wa miaka kumi, nyumbani Kijerumani, mitaani alikotoka Kirusi, sasa darasani Kipolandi. Kwa hiyo alipokuja kuimba Kiitaliano alikuwa ameshazoea kuanza upya na maneno. Ninyi mnaimba Kilingala cha kubahatisha, mnameza silabi, mnategemea hadhira haijui. Siku moja Mkongomani atakaa meza ya mbele. Kabla hujapanda jukwaani na wimbo wa lugha ya watu, mtafute mwenye lugha akusomee maneno na kukueleza maana, mstari kwa mstari.

Kuhusu sauti sitasema mengi. Yake ni ya juu, laini, haigombani na vyombo. Sikilizeni "Nadzieja", ambayo kwa Kirusi huitwa "Nadezhda", yaani Matumaini, halafu mnieleze ni wapi amepiga kelele. Hamtapaona.

Sasa niende kwenye lile lililonifanya niandike. Alisaini mkataba na kampuni ya santuri ya Milano, Italia, na mwaka 1967 akaimba kwenye tamasha la nyimbo la Sanremo, huko huko Italia. Msanii mgeni katika nchi ya watu hujikuta kazi ya kuimba ni kipande kidogo tu cha siku: kuna picha, kuna mahojiano, kuna safari, na kila mtu anamtaka akiwa na tabasamu. Usiku wa tarehe 27 Agosti mwaka huo walikuwa barabarani wakirudi Milano baada ya onyesho. Aliyekuwa akiendesha akasinzia. Gari likaacha njia kwa kasi, Anna akarushwa nje. Siku kadhaa hakuwa na fahamu, mifupa imevunjika pande zote, na miezi mingi iliyofuata aliipitisha ndani ya plasta.

Nami yalinikuta, kwa kiasi kidogo. Tulipiga harusi Morogoro, tukamaliza saa nane usiku, kiongozi wa bendi akasema tulale Dar. Dereva naye ndiye aliyekuwa akibeba spika tangu mchana. Kabla ya Chalinze nikasikia majani yakichapa kioo. Tulitoka na michubuko, na kinanda kimepasuka. Kesho yake jioni tulikuwa na shoo nyingine, tukaenda, na hakuna aliyeuliza chochote. Ndivyo kazi hii inavyotuzoesha ujinga.

Kwa hiyo msikilize kama mnasikiliza dada yenu. Unapojadili malipo ya shoo ya mkoani, kitanda kiwe ndani ya makubaliano, kwa maandishi, pamoja na nauli na chakula. Promota akisema hana bajeti ya kulala, bei yako haijafikiwa. Muulize dereva kwa mdomo wako alilala saa ngapi. Asipotaka kujibu, shuka. Utaitwa mwoga, utaitwa unaringa. Mimi nimeitwa yote na bado ninaimba. Wasanii wangapi wa huku kwetu tumewazika kwa ajali za usiku? Mnawajua wenyewe.

Alipokuwa hawezi kusimama, Anna hakukaa akisubiri mifupa iunge. Aliandika kitabu kuhusu Italia, kilichotoka mwaka 1970, na akatunga muziki. Wimbo wake "Człowieczy los", maana yake majaaliwa ya binadamu, ni melodia yake mwenyewe, maneno ya Alina Nowak. Mpaka hapo alikuwa akipewa nyimbo na watunzi. Kitandani ndipo aliporudi na zake. Akaolewa mwaka 1972, akapata mtoto wa kiume mwaka 1975, akazunguka Urusi yote kwa maonyesho, na hapo ndipo mjomba wangu alipozinunua zile santuri.

Saratani ilimchukua akiwa na miaka 46, Agosti 1982, Warszawa. Miezi yake ya mwisho alitunga muziki wa Sala ya Bwana na wa ile sura ya upendo ya Wakorintho, mnayoimba wenyewe kwenye kwaya. Aliirekodi nyumbani, kwa tepurekoda ya kawaida. Simu mlizonazo zinarekodi vizuri kuliko chombo kile, kwa hiyo Jumamosi sitaki kusikia kwamba hujafanya mazoezi kwa sababu huna hela ya studio.