Intakula ya mbele ya mtumba kwenye Forester: nilinunua mbili kupata moja

Mkuu uliyeko Moshi, umeuliza: una Subaru Forester SG5 ya turbo (feni inayoshindilia hewa kwenye injini), unataka kung'oa intakula ya juu, yaani kile kifaa kinachopooza hewa ya turbo kabla haijaingia kwenye injini, uweke ya mbele ya mtumba, sasa uchukue ipi na uipate wapi. Niko Arusha, gari langu ni hilo hilo, injini EJ205, na hayo nimeyapitia.

Kwanza jiulize kama unaihitaji. Ya juu imekaa mgongoni mwa injini, ukikwama kwenye foleni inaiva. Ya mbele inapigwa na upepo wa barabarani, ila mabomba yake ni marefu, kwa hiyo turbo inachelewa kidogo kuitika. Kama injini yako haijaguswa, tafuta ya juu ya STI, ile Impreza ya michezo. Ni kubwa kuliko ya kwetu na marekebisho yake ni madogo. Mimi niliongeza msukumo wa turbo, na huku kwetu, mita 1,400 hivi juu ya bahari, hewa ni nyepesi, turbo inalazimika kukamua zaidi na hewa inatoka humo imepita nyuzi 100. Ndiyo maana nikaenda mbele.

Ya kwanza niliinunua kwa picha za WhatsApp, ikaja na basi ndani ya kiroba. Kwa nje inang'aa, hata pezi moja (vile vibati vyembamba vya kupitishia upepo) halijapinda. Nilipoiinamisha ikachuruzika oili nyeusi. Nikapitisha kitambaa cheupe ndani ya mdomo wake, kikatoka na chenga za chuma zinametameta. Turbo ya gari ilikotoka ilikufa, ikatemea vipande humo. Uoshe kwa petroli mara kumi, havitaisha vyote, na siku ukikanyaga mafuta vinaelekea kwenye silinda. Mpaka leo imetundikwa gereji kama pambo. Utando mwembamba wa oili usikutishe, huo ni wa kawaida. Chenga ndizo za kukimbia. Mapezi yaliyolala nayo hayana shida, unayanyoosha kwa bisibisi ndogo.

Ya pili sikulipa kabla ya kuipima. Tulienda nayo kwa fundi pancha pale Unga Limited. Tukaziba midomo yote miwili kwa vizibo vya bomba la plastiki tulivyobana kwa klipu, kimoja tumekitoboa na kupachika valvu ya tairi la tyubulesi. Tukajaza upepo 20 (psi), tukaizamisha kwenye pipa lililokatwa. (Usisimame mbele ya kizibo, kikichomoka ni kama jiwe la manati.) Ukiona mapovu, angalia yanatokea wapi. Yakitoka kwenye mshono wa tanki la pembeni, fundi wa kuchomelea alumini kwa gesi ya argoni anamaliza. Yakitoka katikati ya vijitundu, mrudishie mwenyewe. Yangu ilitoa povu moja moja kwenye mshono, nikapunguziwa bei.

Kuna fundi atakwambia uweke ya Canter au Fuso kwa sababu zimejaa mjini. Kataa. Nyingi ni nzito, na matumbo yake ni makubwa kuliko injini ya lita 2 inavyohitaji; utasubiri turbo ijaze hewa humo mpaka ukate tamaa.

Kupata: Ilala Dar, au Kirinyaga Road Nairobi kama una mtu wa kukusindikiza, na omba risiti kwa ajili ya forodha Namanga. Popote utakapoipata, chukua na mabomba yake. Mimi niliyaacha kwa ubahili, kuyatengeneza huku kukanigharimu kuliko intakula yenyewe. Hakikisha ncha za bomba zina ukingo ulioinuka, la sivyo mpira wa silikoni unachomoka ukiwa unapandisha Tengeru.

Na ile valvu inayopiga "psshh" ukiachia mafuta, kwenye magari yetu imefungwa kwenye intakula ya juu. Ukiitoa, iwekee kituo kwenye bomba jipya, upepo wake urudi kwenye bomba lililo kati ya sensa ya hewa na turbo. Ukiuachia nje, kila ukibadili gia injini inazidishiwa petroli.

Kibao cha namba kitaziba hewa katikati ya bampa, kwa hiyo changu nimekisogeza chini kidogo. Trafiki wa Boma Ng'ombe hawajawahi kunisimamisha kwa hilo. Kwa mwendo, mara mbili.